BARUA PEPE INAPOKATALIWA: NAMBA YA KOSA ISOMWE KABLA YA KUGUSA MITAMBO

Kazi ya chama cha ushirika ni kazi ya kumbukumbu. Mkulima aletaye mazao ghalani hupimiwa, huandikiwa stakabadhi, na kuanzia hapo haki yake hukaa katika karatasi mpaka siku atakapolipwa. Siku hizi sehemu kubwa ya karatasi hizo husafiri kwa barua pepe. Kwa sababu hiyo barua pepe inapokataliwa, linalokwama njiani si ujumbe mtupu, bali ni fedha ya mwanachama.

Na utolewe mfano. Katibu wa chama cha msingi cha korosho ametakiwa kupeleka Chama Kikuu orodha ya malipo, pamoja na picha za hati za ghala, kabla ya kesho saa nne asubuhi. Anaituma jioni. Baada ya dakika moja anarudishiwa ujumbe mrefu wa Kiingereza wenye namba 552. Hausomi. Anaituma barua ileile mara tano zaidi. Kisha anabadili neno la siri. Asubuhi anampa fundi wa mjini neno hilo jipya, naye fundi anaondoa programu ya barua na kuiweka upya kwa malipo. Namba inayorudi ni ileile, 552. Siku ya tatu mkutano wa wanachama unaambiwa kwamba "mtandao ni mbovu."

Mtandao haukuwa mbovu. Namba 552 ilikuwa ikisema tangu jioni ya kwanza kwamba mzigo umezidi kipimo. Kupunguza ukubwa wa zile picha kungemaliza kazi kwa robo saa. Badala yake wakulima wamechelewa kulipwa, chama kimemlipa fundi bure, na neno la siri la ofisi liko mikononi mwa mtu asiye mtumishi wa chama. Makosa ya namna hii yanaweza kuepukwa na kila Katibu anayejua kusoma tarakimu tatu.

1. ASILI YA NAMBA HIZO

Barua pepe kati ya kompyuta moja na nyingine mtandaoni ilianza mwaka 1971, wakati Ray Tomlinson wa Marekani alipotuma ujumbe katika mtandao wa ARPANET. Miaka kumi na mmoja baadaye, Agosti 1982, Jonathan Postel alichapisha kanuni za kusafirisha barua zijulikanazo kwa kifupi kama SMTP. Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 2001 na tena mwaka 2008, lakini msingi wake haukubadilika. Kanuni za namna hiyo, zinazotawala mazungumzo kati ya mashine na mashine, huitwa itifaki.

Mazungumzo yenyewe yanafanana sana na yale ya mkulima na karani wa mizani. Seva inayopokea hufungua mlango na kusema 220, maana yake "nipo tayari." Seva inayotuma hujitambulisha, nayo hujibiwa 250, "vema." Hutaja jina la mtumaji, hujibiwa 250. Hutaja jina la mpokeaji. Kama mpokeaji yupo hujibiwa 250, na kama hayupo hujibiwa 550. Ikiomba kuteremsha mzigo hujibiwa 354, "lete." Mzigo ukiisha kupokelewa hujibiwa 250 mara ya mwisho. Kila jibu lina namba kwa ajili ya mashine na maneno kwa ajili ya binadamu. Ujumbe mrefu anaorudishiwa Katibu ni taarifa ya mahali ambapo mazungumzo hayo yalikatika.

2. TARAKIMU YA KWANZA KATIKA BARUA

Katika itifaki ya SMTP tarakimu ya kwanza ndiyo hukumu. Namba zianzazo na 2 ni kukubaliwa. Zianzazo na 3 ni kuambiwa "endelea." Zianzazo na 4 ni kukataliwa kwa muda. Zianzazo na 5 ni kukataliwa moja kwa moja.

Tofauti ya 4 na 5 ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Namba 421 husema seva haiwezi kuhudumia kwa sasa. Namba 450 husema sanduku la mpokeaji halifikiki kwa wakati huo. 451, kwamba kuna hitilafu ya muda kwenye seva. 452, kwamba nafasi haitoshi kwa sasa. Baadhi ya seva humkataa kwa makusudi mtumaji wasiyemzoea kwa namba ya 4, ili kuona kama atarudi, kwa sababu watumaji wengi wa barua taka hawarudi.

Inapotokea namba ya 4, Katibu hana la kufanya ila kungoja, maana seva yake itarudia yenyewe. Kanuni za mwaka 2008 zinashauri seva ingoje angalau nusu saa kabla ya kurudia, na isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Ujumbe usemao kwamba barua imechelewa si ujumbe wa kukataliwa. Katibu akiituma tena orodha ileile mara tano, baadaye zote zitafika, na mhasibu wa Chama Kikuu atakuwa na orodha sita za malipo mezani. Kama moja kati yake ilisahihishwa jina au kilo, nani atajua ipi ni ya kweli? Hapo ndipo mkulima mmoja hulipwa mara mbili na mwingine asilipwe kabisa.

Namba ya 5, kwa upande mwingine, haiponywi kwa kungoja wala kwa kurudia. Lazima kitu kibadilishwe. Ili kujua ni kitu gani, seva nyingi huongeza namba ya pili yenye nukta, nayo ni fasaha kuliko ya kwanza:

(a) 5.1.1 husema anwani ya mpokeaji haipo. Mara nyingi ni herufi iliyokosewa, au mtumishi aliyehama.

(b) 5.2.2 husema sanduku la mpokeaji limejaa. Hapo apigiwe simu mwenye sanduku. Mtumaji hana la kutengeneza kwake.

(c) 5.3.4 husema barua ni kubwa mno kwa seva hiyo. Ikumbukwe kwamba kiambatisho hufungashwa upya kabla ya kusafiri, na kila baiti tatu huwa nne. Picha zenye megabaiti 20 mezani huwa karibu megabaiti 27 njiani, na seva yenye kikomo cha megabaiti 25 itazikataa hata kama Katibu anaona kwamba hajazidi.

(d) 5.7.1 na ndugu zake husema mtumaji hana ruhusa, au hakuaminika. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wathibitishe kikoa chao, yaani ile sehemu ya anwani ifuatayo alama ya @, kwa kumbukumbu ziitwazo SPF au DKIM. Barua isiyothibitishwa inaweza kurudishwa na Gmail kwa namba 550 5.7.26. Dawa yake haiko kwenye kompyuta ya Katibu, bali kwa msimamizi wa kikoa.

Namba 535 nayo isitajwe pamoja na hizo bila maelezo. Yenyewe haihusu mpokeaji kabisa. Inasema kwamba seva ya mtumaji mwenyewe imekataa jina au neno lake la siri.

3. HUDUMA YA WAVUTI: TARAKIMU ZILEZILE, MAANA NYINGINE

Hapa ndipo mafundi wengi, hata wenye vyeti, hupotea. Si kila programu ya barua huzungumza SMTP. Programu ya mahesabu ambayo hutuma risiti yenyewe kwa wanachama, au programu inayosoma sanduku lililomo katika seva ya Exchange, huenda ikatumia huduma ya wavuti. Maana yake ni kwamba programu huuliza na kujibiwa kwa itifaki ya HTTP, ileile inayoleta kurasa za tovuti kwenye kivinjari. HTTP ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Geneva, nayo pia hutumia tarakimu tatu. Mitindo yote miwili ina mtangulizi mmoja, yaani itifaki ya kuhamisha mafaili ya miaka ya 1970. Lakini maana ya tarakimu ya kwanza si moja.

Katika barua, 4 ni "ngoja" na 5 ni "rekebisha." Katika huduma ya wavuti, 4 husema kosa liko kwa anayeuliza, na 5 husema kosa liko kwa seva inayoulizwa. Na ichukuliwe namba 503. Katika SMTP husema kwamba amri zimekuja bila kufuata mpangilio, na mara nyingi ni programu iliyojaribu kutuma kabla ya kujitambulisha. Kungoja hakusaidii, mpangilio wa programu ndio urekebishwe. Katika HTTP, namba hiyohiyo 503 husema huduma haipatikani kwa sasa. Kurekebisha mpangilio hakusaidii. Kinachotakiwa ni kungoja. Mtu asiyejua namba imetoka katika mazungumzo gani atafanya kinyume cha linalotakiwa, na kwa bidii yake ataharibu kilichokuwa kizima.

Namba za HTTP zinazokutwa mara nyingi ni hizi. Namba 401 husema muulizaji hajatambulikana. Namba 403 husema ametambulikana lakini hana ruhusa. Namba 404 husema anwani ya huduma haipo mahali hapo. Namba 429 husema anauliza mara nyingi mno, naye apunguze kasi. Namba 500 husema seva imeshindwa kazi. Namba 502 na 504 husema seva ya katikati haikupata jibu sahihi, au haikupata jibu kwa wakati, kutoka kwa seva ya nyuma yake.

Namba 401 inahitaji neno la ziada, kwa kuwa imewafanya makatibu wengi wabadilishe neno la siri bure. Zamani ilitosha programu kupeleka jina na neno la siri. Google iliacha kuzipokea programu za namna hiyo katika akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022, na Microsoft ilianza kuufunga mlango huo katika huduma yake ya Exchange Online mwezi Oktoba 2022. Tangu hapo programu ya zamani inaweza kukataliwa ingawa neno la siri ni sahihi kabisa. Kilichokataliwa ni njia ya kulipeleka. Kipimo chake ni chepesi: Katibu aingie kwenye sanduku lake kwa kivinjari, kwa neno lilelile. Akiingia, neno ni zima, na programu ndiyo iliyopitwa na wakati.

Namba 500 nayo ina mtego wake. Huduma nyingi za wavuti za miaka ya 2000, pamoja na ile ya Exchange iliyoanza na toleo la 2007, hufunga maswali na majibu katika bahasha iitwayo SOAP. Kanuni za SOAP toleo la 1.1, za mwaka 2000, ziliamuru kwamba kosa lolote lililomo ndani ya bahasha lisafirishwe chini ya namba 500. Hivyo namba ya nje yaweza kulaumu seva, kumbe maandishi ya ndani yanamlaumu muulizaji. Bahasha na ifunguliwe. Kikionekana kifungu cha kosa chenye neno Client, swali lilikosewa. Chenye neno Server, ndipo seva ilipoteleza. Kinyume chake pia hutokea: huduma ya Exchange yaweza kujibu 200, yaani "vema," na ndani ya bahasha ikaandika kwamba barua haikutumwa.

Vyama vyenye programu zilizojengwa juu ya huduma hiyo ya Exchange vikumbuke pia kwamba mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaanza kuifunga katika Exchange Online kuanzia Oktoba 2026. Aliyeuza programu aulizwe mapema, na kwa maandishi, kama ameihamishia kwenye njia mpya.

4. KOSA LISILO NA NAMBA

Yapo makosa yanayotokea kabla ya mazungumzo kuanza, na kwa hiyo hayana namba yoyote. Kabla ya kuzungumza kwa siri, mashine mbili hukaguana cheti. Cheti kina jina la seva, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kimoja kati ya hivyo kikipingana, mazungumzo hayaanzi.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni ya bei ndogo kuliko zote, nayo ni saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta nyingi za mezani mna betri ndogo ya duara iitunzayo saa wakati umeme umekatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita. Kwa kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2009, cheti cha mwaka huu bado hakijazaliwa, nayo itakikataa. Katibu atadhani mtandao umekatika, kumbe kinachotakiwa ni betri na kuseti tarehe.

Sababu ya pili ni cheti kilichokwisha muda. Mwezi Aprili 2025 chombo kiitwacho CA/Browser Forum, kinachopanga kanuni za vyeti hivyo, kiliamua kwamba umri wake wa juu ushuke hatua kwa hatua: siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Seva isiyopangiwa kujipatia cheti kipya yenyewe itasimama mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Sababu ya tatu ni uzee wa kompyuta. Matoleo ya zamani ya kanuni za usiri, TLS 1.0 na 1.1, yaliondolewa rasmi katika matumizi mwezi Machi 2021. Mashine isiyojua matoleo mapya haitapokelewa, na hakuna neno la siri litakaloiponya.

5. UTARATIBU WA KUFUATA

Barua ikikataliwa, chama na kifuate mpangilio huu bila kuruka hatua:

(a) Ujumbe wa kosa usifutwe. Upigwe picha au uchapwe, pamoja na tarehe na saa.

(b) Ijulikane ni nani aliyesema. Ujumbe uliorudi kwenye sanduku la barua kwa kawaida ni wa SMTP. Ujumbe uliotokea kwenye kioo cha programu ya mahesabu huenda ni wa HTTP. Kama neno HTTP au anwani ianzayo na https limeandikwa karibu na namba, shaka hupungua.

(c) Isomwe tarakimu ya kwanza kwa maana ya mazungumzo hayo, na si kwa maana ya mengine.

(d) Kama ni ya kungoja, isubiriwe. Barua isitumwe tena kabla ya kumwuliza mpokeaji kwa simu kama ameipata.

(e) Kama hakuna namba, iangaliwe tarehe ya kompyuta kwanza, kisha cheti.

(f) Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha kijaribiwe. Aliyebadili vitu vitatu kwa pamoja, hata akifaulu, hajui kilichomponya.

(g) Fundi akihitajika, apewe ujumbe wa kosa. Asipewe neno la siri. Kama hapana budi aingie, Katibu aandike neno hilo mwenyewe mbele yake, na alibadilishe fundi akiondoka.

6. KUPOKELEWA SI KUMFIKIA MHUSIKA

Mwisho, Bodi za vyama zifahamu mpaka wa namba zenyewe. Jibu la 250 ni stakabadhi ya seva inayofuata tu. Linasema "nimeupokea mzigo," na halisemi kwamba mhasibu ameuona, wala kwamba haukuwekwa miongoni mwa barua taka. Kila mwanaushirika anajua kwamba stakabadhi ya ghala si malipo. Vivyo hivyo orodha ya malipo isihesabiwe kuwa imefika mpaka mpokeaji amejibu kwa kutaja idadi ya wakulima waliomo na jumla ya kilo. Majibu hayo mawili yakilingana na daftari la chama, kazi imekwisha. Yasipolingana, kosa limeonekana kabla fedha haijatoka.

Yafaa basi kila ofisi iwe na daftari dogo la makosa lenye safu tano: tarehe, aliyetuma, namba iliyorudi, kilichobadilishwa, na matokeo. Mkaguzi akifika atauliza daftari hilo kama anavyouliza la fedha. Katibu mgeni akirithi ofisi hatahitaji kuanza upya, kwa maana ataona kwamba Juni iliyopita namba 552 ilimalizwa kwa kupunguza picha. Na mwanachama akisimama mkutanoni kuuliza kwa nini hajalipwa, atasomewa siku, saa, namba na hatua iliyochukuliwa, badala ya kuambiwa kwamba mtandao ni mbovu.